Miili ya nta na plastiki inayozipima mashine za hospitali

TUKITAJIWA jiji la London, fikira za wengi wetu hukimbilia saa ya Big Ben, kasri la Buckingham na mabasi mekundu ya orofa mbili. Si vibaya. Lakini leo ningependa tufuatane katika matembezi mengine ya jiji hilo hilo, matembezi ambayo hutayakuta katika vijitabu wanavyogawiwa watalii. Tutasimama mahali panne tu, na kila mahali tutakuwa tukitafuta kitu kimoja: mwili wa kubuni, usio na roho wala damu, ambao wanasayansi huutengeneza ili kujua kama mashine za kupiga picha za ndani ya mwili zinasema kweli.

Kabla hatujapanda treni, hebu kumbuka mizani ya dukani mtaani kwenu. Mara kwa mara mkaguzi wa mizani na vipimo hupita akiwa na mawe yake sandukuni. Huweka jiwe la kilo moja juu ya mizani kisha akainama kutazama mshale. Mkaguzi huyo haiulizi mizani jiwe lina uzito gani, maana uzito wake anaujua tangu alipotoka ofisini. Anachotaka kujua ni kama mizani nayo inajua. Mshale ukisimama kwenye gramu 950, mwenye kosa si jiwe.

Sasa fikiria mashine ya altrasaundi inayomwambia mama mjamzito ukubwa wa kichwa cha mtoto aliye tumboni. Au mashine ya CT inayomwambia mzee kwamba uvimbe ulio kwenye ini umekua kwa nusu sentimita tangu mwezi wa pili. Kwa maneno hayo watu huanzishiwa dawa, hupasuliwa, au hurudishwa nyumbani wakiambiwa wasiwe na wasiwasi. Je, nani huipima mashine yenyewe? Jiwe lake la kilo moja liko wapi?

Jiwe hilo lipo, na wataalamu huliita fantomu. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana pia ya mzuka. Basi usishtuke ukisikia kwamba katika hospitali fulani kuna chumba chenye kabati lililojaa mizuka. Ni mizuka ya heri, na mingi ya siku hizi huzaliwa kwenye printa.

UBONGO WA NG'OMBE SAFARINI

Msafiri aliyetoka Nairobi akatua uwanja wa Heathrow anaweza kupanda treni ya Elizabeth kuelekea katikati ya jiji. Kituo kimoja cha mwanzo baada ya uwanja wa ndege huitwa Hayes & Harlington. Wageni wengi hata hawainui macho wanapokipita. Sisi tutashuka.

Hayes ulikuwa mji wa viwanda vya kampuni ya EMI, na wazee waliokuwa wakisikiliza santuri watalikumbuka jina hilo. Santuri nyingi mno zilichapwa hapa. Viwanda vilipofungwa, sehemu kubwa ya eneo hili iligeuzwa kuwa nyumba za kukaa na ofisi, na sasa huitwa The Old Vinyl Factory. Lakini EMI haikuuza muziki pekee. Ilikuwa pia na maabara ya utafiti hapa Hayes, na mmoja wa wahandisi wake alikuwa Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, sikieni hili. Hounsfield hakupitia chuo kikuu kwa njia ya kawaida. Alikuwa na diploma ya uhandisi wa umeme kutoka chuo cha Faraday House hapa London. Katika miaka ya 1960 alipata wazo kwamba ukimpiga mtu eksirei kutoka pande nyingi, kisha ukaiachia kompyuta hesabu zote, utapata picha ya kipande cha mwili kana kwamba kimekatwa kwa kisu, bila kisu chochote. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku tisa kukusanya vipimo vya picha moja tu.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo linalotuhusu leo. Alipewa ubongo wa binadamu uliohifadhiwa katika dawa ya fomalini. Akaupiga picha, na picha ikatoka safi ajabu. Sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe za ubongo zilionekana zimeachana waziwazi. Mtu mwingine angeshangilia na kuwaita waandishi wa habari. Hounsfield aliingiwa na shaka. Je, huo ulikuwa uwezo wa mashine, au fomalini ilikuwa imeubadilisha ubongo ule hata tofauti zikaonekana kubwa kuliko zilivyo katika mtu aliye hai?

Ili kupata jibu, alitafuta bongo za ng'ombe zilizotoka machinjioni zikiwa mbichi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akivuka London katika magari ya abiria, kama msafiri mwingine yeyote, huku amebeba ubongo wa ng'ombe. Hebu fikiria aliyeketi karibu naye angejua kilichomo! Na shaka yake ilikuwa ya haki. Katika ubongo mbichi tofauti zilikuwa ndogo zaidi. Hata hivyo mambo mengi ya ndani yalionekana, na hapo akajua kwamba mashine haimdanganyi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, mtaa ambao mashabiki wa tenisi wanaujua, mgonjwa wa kwanza aliwekwa ndani ya mashine hiyo. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika ubongo. Picha ilikuwa na vidoto 80 kwa 80, yaani 6,400 tu, lakini uvimbe ulionekana. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amezitafuta hesabu za jambo hilo kivyake. Mpaka leo kipimo cha mashine ya CT kina jina la Hounsfield: maji ni sufuri, hewa ni elfu moja chini ya sufuri, na mfupa mgumu ni mamia juu yake.

Kwa hiyo mashine ilifikishwa kwa mama yule wa Wimbledon baada ya kuhojiwa kwanza na ng'ombe. Ubongo uliohifadhiwa ulikuwa na umbo la ubongo na ulitoka kwa binadamu, lakini ulitoa ushahidi uliotiwa chumvi. Tubebe jambo hilo tunapopanda treni tena, maana tutalihitaji mbele.

FIGO YA BABA, TUMBO LA MTOTO

Tunashuka kituo cha Tottenham Court Road na kutembea kuelekea mashariki, tukiipita British Museum, hadi barabara ya Great Ormond. Hapa pana hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1852. Huenda watoto wenu wanaijua hadithi ya Peter Pan, yule kijana asiyekua. Mwandishi wake, J. M. Barrie, aliipa hospitali hii haki za hadithi hiyo mwaka 1929, na fedha zake zimewasaidia wagonjwa wadogo tangu hapo.

Mwishoni mwa mwaka 2015 mtoto mdogo alipandikizwa hapa figo ya baba yake. Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 11 hivi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Itaingia? Mishipa yake itaunganishwa upande gani? Madaktari wa hospitali za Guy's na St Thomas', ng'ambo ya mto Thames, walichukua picha za CT na MRI za baba na za mtoto, wakazitia katika kompyuta, kisha wakachapa figo ya baba na tumbo la mtoto kwa plastiki, kila kimoja kwa ukubwa wake halisi. Wakaweza kuishika figo mkononi na kuijaribu ndani ya tumbo lile la plastiki kabla kisu hakijamgusa mtu. Upasuaji ulifaulu, na habari zake zilitangazwa mwanzoni mwa 2016.

Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ungeiweka figo ile ya plastiki chini ya mashine ya altrasaundi, mashine isingeona figo. Ingeona kipande kigumu kinachorudisha sauti, na nyuma yake giza. Figo ile ilitengenezwa kwa ajili ya mikono na macho ya daktari. Umbo lilikuwa ndilo, mnofu haukuwa.

MZEE ALIYEKETI KATIKA SANDUKU LA KIOO

Turudi magharibi kupitia Russell Square. Hapa karibu kuna chuo cha SOAS, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, kwa hiyo usishangae ukipita ukasikia Mzungu akisalimia "hamjambo". Mbele kidogo ni University College London, chuo kiitwacho UCL kwa kifupi, kilichoanzishwa mwaka 1826.

Ingia katika jengo la wanafunzi lililoko barabara ya Gordon. Humo, ndani ya sanduku la kioo, ameketi mzee aliyevaa kofia pana na fimbo yake karibu. Huyo ni Jeremy Bentham, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1832 na kuacha wosia kwamba mwili wake upasuliwe mbele ya wanafunzi wa udaktari, kisha mifupa yake ivalishwe nguo zake na kuwekwa watu wamwone. Ndani ya nguo hizo mna mifupa yake mwenyewe, iliyozungushiwa nyasi kavu ili mwili ujae. Kichwa ndicho si chake. Kichwa halisi kiliharibika kilipokuwa kikikaushwa, kikatengenezwa kingine cha nta. Sanduku lililetwa katika jengo hili mwaka 2020, na kumtazama mzee hakuna malipo.

Nimekuleta hapa kwa sababu ya hiyo nta. Kwa mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye kioo, kichwa kile ni cha binadamu. Kina nywele, ngozi na macho yanayokutazama. Fundi wake alifanya kazi ya kuyahadaa macho, na mpaka leo kazi hiyo inaendelea. Figo ya Great Ormond ilifanywa iuridhishe mkono. Sasa tunakwenda hatua chache tu kutoka hapa, mahali ambapo nta hiyo hiyo ina kazi ngumu zaidi, nayo ni kuiridhisha mashine.

SAUTI HAIHADAIKI KWA SURA

Katika jengo la uhandisi la Malet Place kuna idara ya fizikia ya tiba ya chuo hiki. Maabara haifunguliwi watalii, lakini watafiti wake hawakuificha kazi yao. Mwaka 2018 walieleza katika majarida ya kisayansi jinsi wanavyotengeneza fantomu za altrasaundi kwa nta laini na kalibu zilizochapwa. Nitakueleza kwa lugha ya jikoni.

Kwanza huchukuliwa picha za CT au MRI za mtu halisi, jina lake likiwa limeondolewa. Mtafiti huketi mbele ya kompyuta na kuufuatisha mshipa au mfupa anaoutaka, kipande baada ya kipande, mpaka kompyuta imepata umbo lake zima. Kisha kompyuta hulichora kinyume chake, yaani kalibu yenye shimo la umbo hilo, kama kalibu ya kumiminia keki.

Halafu printa huanza kazi. Si printa ya karatasi. Hii huvuta uzi wa plastiki, huuyeyusha kwenye mdomo wa chuma, na kuutandika tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ni kama sehemu ya tano ya milimita. Kwa hiyo kitu chenye kimo cha sentimita 10 huhitaji matabaka 500, na fundi anaweza kwenda kula chakula cha mchana akarudi akakuta kazi haijafika nusu.

Huenda ukauliza, kwa nini wasichape mnofu moja kwa moja badala ya kuchapa kalibu? Hapa ndipo penye siri yote. Altrasaundi ni sauti ya juu mno ambayo sikio haliwezi kuisikia. Mashine huituma mwilini na kusubiri mwangwi. Haina macho. Inachojua ni muda tu: mwangwi umechukua muda gani kurudi, na umerudi na nguvu gani. Ili kugeuza muda kuwa sentimita, imeaminishwa kwamba katika mnofu sauti huenda mita 1,540 kwa sekunde. Katika plastiki ngumu ya printa sauti hukimbia kupita hapo, na nyingi hugonga ukutani na kurudi. Ndiyo maana ile figo ya plastiki ingeonekana kama jiwe.

Basi kinachomiminwa katika kalibu ni nta laini, ambayo ni mafuta ya madini yaliyogandishwa. Ni nta ile ile inayotumiwa kutengeneza mishumaa ya mapambo inayopenya mwanga. Lakini ikiwa tupu, mashine huiona kama maji, nyeusi tii. Mnofu wa mtu aliye hai huonekana wa kijivu wenye chenga chenga. Kwa hiyo fundi huongeza vitu viwili. Huongeza nta ya kawaida ya mishumaa, ili sauti ififie kadiri inavyozama, kama inavyofifia mwilini. Huongeza pia vidonge vya kioo vidogo mfano wa vumbi, kila kimoja kikirudisha mwangwi wake mdogo. Hizo ndizo chenga. Ukibadilisha kiasi cha vidonge, unapata mnofu wa aina hii, kano ya aina ile, au uvimbe katikati yake.

Adui mkubwa wa kazi hii ni povu. Kiputo kimoja cha hewa ambacho macho hayakijali, kwa sauti ni ukuta. Nta iliyoyeyuka lazima inyonywe hewa yote kabla haijaganda, la sivyo fantomu itaonyesha ugonjwa ambao haukuwekwa.

Faida ya nta ni kwamba haiozi wala haikauki, na ikichoka huyeyushwa ikamiminwa upya. Ila na yenyewe ina upungufu wake. Ndani yake sauti huenda polepole kidogo kuliko mita 1,540, kwa hiyo mashine itadhani kitu kiko mbali kuliko kilipo. Watafiti wanalijua hilo na hulitia katika hesabu. Fantomu haihitaji kuwa binadamu mkamilifu. Inahitaji ijulikane ilivyo. Fundi anajua mshipa ameuweka kina gani, una upana gani, umepinda wapi. Katika mwili wa mgonjwa hakuna ajuaye hayo kwa hakika. Ndiyo sababu akaletwa kwenye mashine. Kwa hiyo mtafiti akibuni njia mpya ya kuona ncha ya sindano, au programu mpya ya kupima uvimbe, huipeleka kwanza kwa fantomu, ambako majibu ya mtihani yamekwisha andikwa.

Isitoshe, kuna faida ambayo mama yeyote ataielewa. Daktari mwanafunzi anayejifunza kupeleka sindano karibu na mshipa wa shingo anaweza kukosea mara 20 katika nta, na nta isilalamike. Mahali ambapo fantomu ni ghali, walimu wa udaktari wamekuwa wakitumia kidari cha kuku kilichopachikwa zeituni ndani yake. Mwanafunzi huitafuta zeituni kwa altrasaundi kana kwamba ni uvimbe, kisha akaichoma sindano.

WINO, KARATASI NA MWANI

Kila aina ya mashine ina jambo lake inalolijali, na London si peke yake katika kazi hii. Eksirei haijali mwendo wa sauti. Inajali uzito wa kitu na kilichomo. Huko Berlin, katika hospitali ya chuo kikuu ya Charité, watafiti walitumia printa ya kawaida ya ofisini, wakatia madini ya aidini katika wino wake, wakachapa picha za CT kwenye karatasi moja baada ya nyingine na kuzibandika zote ziwe bunda. Panapokuwa na wino mwingi eksirei huzuiliwa zaidi. Bunda hilo likiingizwa katika mashine ya CT, mashine huona kichwa cha mtu. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wengine huchapa mapafu kwa uzi wa plastiki, wakibadilisha unene wa uzi kila sehemu ili hewa inayobaki katikati ilingane na ya pafu lenyewe.

MRI nayo haisikilizi sauti wala haitumii eksirei. Kwa sumaku na mawimbi ya redio, husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Kwa hiyo fantomu yake huhitaji kitu kilicholoa kama mnofu. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza fantomu iliyogandishwa kwa karaginani. Je, wajua karaginani hutoka wapi? Hutoka katika mwani, mwani wa jamii ile ile wanayolima akina mama wa Kibuyuni huko Kwale na wa Paje huko Unguja, wakifunga vipando kwenye kamba maji yakipwa. Sisemi kwamba mwani wa Kibuyuni ndio uliofika katika maabara hizo. Nasema tu kwamba malighafi ya kazi hii si ngeni pwani yetu.

JE, NA HUKU KWETU?

Hapa ndipo matembezi ya London yanapotuhusu, msomaji wangu. Mwaka 2015 serikali yetu ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya tiba, na mashine za kupiga picha zikapelekwa katika hospitali za kaunti zote 47. Mpango huo ulizua mabishano mengi kuhusu gharama, na hayo tuwaachie wenyewe. Hoja yangu ni nyingine. Mashine ikifika na utepe ukakatwa, huanza kuzeeka siku hiyo hiyo.

Usidhani mashine mbovu lazima izime. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa vichwa vya altrasaundi, yaani kile kifaa anachokushikisha daktari tumboni. Walipima vichwa 676 katika hospitali 32, na karibu 40 katika kila 100 vilikuwa na hitilafu. Vyote vilikuwa vikitumiwa kwa wagonjwa. Hiyo ni Uswidi, nchi tajiri. Kichwa chenye hitilafu huendelea kutoa picha, tena picha ya kupendeza, na mama hupewa karatasi yake akaenda nyumbani.

Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano wa kutafakari. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wahandisi wa huko pamoja na wenzao kutoka Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ndogo ya MRI, kipande kwa kipande, kwa siku 11. Ni mashine yenye sumaku dhaifu, isiyohitaji gharama za zile kubwa. Mashine ya namna hiyo, iliyoundwa nyumbani, ina haja kubwa zaidi ya jiwe la mizani, maana hakuna kiwanda cha mbali cha kuiandikia barua. Mtu aliyeweza kuiunda anaweza pia kuundiwa fantomu karibu naye, kwani printa za uzi wa plastiki zimo katika vyuo vyetu, nta ya mishumaa huuzwa madukani, na hesabu zake ni za fizikia ile ile inayofundishwa shuleni. Kijana aliye kidato cha nne anayeuliza fizikia itamfaa nini, na aambiwe kwamba kuna kazi iitwayo fizikia ya tiba, na kwamba sehemu yake moja ni kupika mnofu wa nta.

Kwa sasa, wewe na mimi tuna jambo moja tunaloweza kufanya bila maabara yoyote. Siku utakapompeleka mzazi wako, mkeo au mtoto kupigwa picha, ukishamsalimu mhudumu kwa adabu, muulize: "Samahani daktari, mashine hii ilipimwa lini mara ya mwisho?" Si tusi. Muuza nyama wa mtaani haoni vibaya kuulizwa kama mizani yake imepigwa muhuri mwaka huu. Mhudumu anayeijua kazi yake atakuonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, yenye tarehe na sahihi. Na ikiwa hakuna karatasi, basi swali lako litakuwa limefika mahali palipolihitaji.